Gogo, kiboko na kanzu nyeupe: nadharia ipi ya imani inakufaa?

Desemba iliyopita mpwa wangu alirudi nyumbani Seme kutoka chuo kikuu, mwaka wa pili wa saikolojia, na jioni ya pili tu, ugali na omena vikiwa mezani, akamwambia dani, bibi yetu, kwamba Mungu ni kazi ya ubongo. Dani aliendelea kumega ugali wake bila haraka.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "na hayo umeyajua kwa kutumia nini? Kwa goti?"

Tulicheka sote, na mpwa wangu pia. Lakini mimi hufundisha dini na historia katika shule ya upili hapa Kisumu, na Jumamosi huwa nina kikundi cha vijana wanaosoma na kubishana. Nilijua mjadala ule hautaishia mezani. "Sayansi imesema" ni maneno yanayotembea haraka, na huwa hayasemi ni sayansi ipi iliyosema nini. Sayansi ya utambuzi, yaani elimu inayochunguza jinsi akili inavyopokea maarifa, inavyoyahifadhi na kuyatumia, haina jibu moja kuhusu imani. Ina kambi kadhaa, na mbili kati yake ndizo utakazokutana nazo kwanza. Nimezisoma kwa miezi michache nikiwa na swali la kikazi kabisa: kijana akiniuliza kwa nini watu wanaamini, nimpe ipi? Ninaziweka bega kwa bega hapa kwa ajili ya mwalimu, mzazi au mhubiri ambaye zamu yake inakuja.

Ya kwanza: akili inayowahi kumwona mtu

Kuna usiku nilichelewa Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, nikawa narudi kwa miguu kando ya mafunjo. Kitu kikatikisika humo ndani. Kabla sijajiuliza lolote, miguu ilikuwa imeshasimama, moyo unadunda, na mdomo umeshalitaja jina la Yesu mara tatu. Kumbe ni ndama aliyekata kamba.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Stewart Guthrie angeufurahia usiku ule. Katika makala ya 1980, kisha katika kitabu cha 1993, alidai kwamba dini inaanzia papo hapo: tukikutana na jambo lisiloeleweka, akili hukisia kwanza kwamba yupo mtu, au kitu chenye nia kama ya mtu. Huo si ujinga, ni hesabu. Mvuvi anayedhani gogo ni kiboko anapoteza pumzi na dakika mbili. Anayedhani kiboko ni gogo huenda asifike nyumbani. Sisi ni wajukuu wa wale wenye wasiwasi. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Justin Barrett aliipa tabia hiyo jina refu la kitaalamu, ambalo kwa lugha ya nyumbani ni mtego wa kumnasa mtendaji, uliotegwa kwa wepesi mno hata upepo ukipita unafyatuka.

Ushahidi wake wa zamani ni mtamu kuusimulia darasani. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikienda huku na huku karibu na mstatili wenye mlango. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 34, wakaombwa tu waandike walichokiona. Mmoja peke yake ndiye aliyeandika habari za maumbo. Waliobaki walisimulia viumbe wenye nia zao, wanaogombana na kukimbizana. Naye Deborah Kelemen, mwaka 1999, aliwauliza watoto wa Marekani kwa nini mawe fulani yana ncha. Watu wazima walichagua jibu la vipande vilivyorundikana kwa muda mrefu. Watoto walipenda zaidi jibu la kazi: ni ili wanyama wapate pa kujikuna.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Barrett na Frank Keil la 1996. Waliwauliza wanafunzi wa chuo kuhusu Mungu, wakapewa majibu ya mahubiri: yupo kila mahali, anasikia wote kwa wakati mmoja. Kisha wakawasomea hadithi, mojawapo ya mtu aliyekwama majini akiomba wakati Mungu anajibu ombi la mtu mwingine kwingineko, na wakawataka waikumbuke. Wengi waliikumbuka kana kwamba Mungu alimalizana na yule wa kwanza ndipo akamgeukia huyu. Mdomo una Mungu wa katekisimu, na akili ina Mungu anayehudumia foleni. Mimi niliye jirani na kanisa lenye spika nne na kesha kila Ijumaa sikushangaa hata kidogo. Tukiamini kweli kwamba anasikia minong'ono, spika nne ni za nani?

Halafu yuko Pascal Boyer, Mfaransa aliyefanya utafiti miongoni mwa Wafang wa Kamerun. Yeye anasema wazo linalodumu ni lile linalovunja matarajio kidogo, siyo sana. Mti wa kawaida husahaulika. Mti unaosikia maombi hukaa kichwani. Mti unaosikia maombi siku za Jumanne tu, unaozaa ng'ombe wasioonekana na kuyeyuka ukitajwa jina, huo unachosha. Akishirikiana na Charles Ramble aliyapima mawazo ya namna hiyo Ufaransa, Gabon na Nepal, na katika nchi zote tatu yale yaliyokiuka kawaida yalikumbukwa vizuri kuliko ya kawaida.

Nilipoeleza haya Jumamosi moja, kijana wa kidato cha tatu akainua mkono. "Mwalimu, basi mbona hatumwombi Sungura?"

Nilinyamaza. Sungura anasema, anamtega Fisi, anamzidi Simba akili. Apul Apul, zimwi la hadithi za Kijaluo, amekaa vichwani mwetu kuliko sura yoyote ya kitabu cha shule. Wote wawili wanavunja matarajio kidogo tu, kama Boyer anavyotaka. Wala hakuna aliyewahi kuwajengea madhabahu. Wataalamu wenyewe wanalijua swali hili, ila wao hulitolea mfano wa Mickey Mouse na Zeus. Nadharia ya kwanza inaeleza kwa nini Sungura anakumbukwa. Kwa nini haombwi, inabidi tuhame kambi.

Ya pili: mtazame anayelipa

Mwanaanthropolojia Joseph Henrich aliandika mwaka 2009 kwamba mtoto hajifunzi nani wa kuabudiwa kwa kusikia hadithi zake. Anajifunza kwa kutazama wakubwa wake wanalipa nini. Lugha ilitupa uwezo wa kuambiana mambo, na papo hapo ikatupa uwezo wa kudanganyana. Kwa hiyo tuna kipimo: yule anayesema jambo, je, anatenda kama mtu anayeliamini? Nikikuambia daraja hili la magogo ni imara, utasubiri nivuke kwanza. Vivyo hivyo mtoto anamwona mama akifunga, akitoa shilingi za mwisho sadakani, akiamka saa kumi usiku kusali baridini, na akili yake inahitimisha bila mahubiri kwamba huyu anayeombwa yupo. Hakuna anayefunga saumu kwa ajili ya Sungura.

Richard Sosis na Eric Bressler walilipima jambo linalokaribiana na hili kwa njia ya historia. Mwaka 2003 walichapisha uchunguzi wa jumuiya 83 za Marekani za karne ya 19, watu walioamua kuishi pamoja na kugawana mali, baadhi kwa ajili ya dini na wengine kwa ajili ya siasa au falsafa. Katika zile za dini, kadiri masharti yalivyokuwa mazito (kuacha nyama, kuacha pombe, kuvaa namna moja, kukatiza mawasiliano na walio nje) ndivyo jumuiya ilivyodumu zaidi. Katika zile zisizo za dini, uzito wa masharti haukusaidia. Sharti bila utakatifu ni usumbufu tu.

Lakini kwa nini twende Marekani ilhali Musanda, upande wa Mumias, ni safari ya matatu? Januari 1934 Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyekuwa ameongoza uamsho wa Roho, alivamiwa nyumbani kwake akauawa, nyumba ikateketezwa, na baadhi ya wafuasi wake wakafa naye. Tusidanganyane kwamba ilikuwa dini tupu. Ugomvi wa ardhi kati ya Wajaluo wa pale na Wawanga ulikuwa umechacha kwa miaka. Hata hivyo angalia kilichofuata. Kama kikundi kilikuwa kinaungwa na maneno ya kiongozi, kingetawanyika. Kilitawanyika kweli, ila wakiwa wahubiri, wakatembea Nyanza nzima wakisimulia moto ule. Leo Jumapili asubuhi, ukisikia ngoma na kuona kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu za makanisa ya Roho zikipita barabarani, unaona deni la 1934 likiendelea kulipwa. Legio Maria nayo, iliyojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, ilimpoteza Ondeto mwaka 1991, na haikuzimika. Ukiuliza kwa nini, nadharia ya kwanza inakuangalia tu.

Kuna tawi la kambi hii linalotazama mwili wenyewe. Dimitris Xygalatas na wenzake walikwenda San Pedro Manrique, kijiji cha Uhispania ambako watu hutembea juu ya makaa ya moto, wakapima mapigo ya moyo. Matokeo yalichapishwa 2011: moyo wa mtembeaji na moyo wa ndugu au rafiki aliyekuwa akitazama ilikwenda pamoja. Mioyo ya wageni waliotazama tukio lile lile haikufanya hivyo. Aliyewahi kukesha kwenye matanga ya mtu wake, na siku nyingine akapita matanga ya asiyemjua, hahitaji mashine kumweleza hilo.

Jabali moja, macho mawili

Njia bora ya kulinganisha nadharia ni kuzipeleka mahali pamoja. Nilizipeleka Kit Mikayi, kwa kuwa ni nyumbani na kwa kuwa nauli ni ndogo.

Asiyepafahamu: ni rundo la mawe makubwa sana huko Seme, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Bondo, yamekaa moja juu ya jingine kana kwamba kuna aliyeyapanga. Jina lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja alizoea kushinda pale kila siku, na mkewe, akiulizwa mumewe yuko wapi, akajibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza.

Nadharia ya kwanza inang'ara hapa. Nimewapeleka wanafunzi mara tatu, na kila mara kuna anayeuliza "nani aliyeyapanga?" kabla hajauliza "yalitokeaje?" Ni watoto wa Kelemen hao, ila hawa wanakula mandazi. Hadithi yenyewe ni Boyer mtupu: jiwe la kawaida kwa kila kitu, isipokuwa kwamba lina haki za mke. Ni kidokezo kimoja tu cha ajabu, na hakijasahaulika.

Lakini mwaka 2019 UNESCO iliziingiza ibada na desturi za Kit Mikayi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu ni kwamba desturi zinapungua, wanaozijua wanazeeka na vijana hawashiriki kama zamani. Sasa jiulize: ni nini kilichobadilika? Jiwe ni lile lile, umbo lile lile. Akili za vijana nazo ni zile zile; mtego wao unafyatuka gizani sawa na wa babu zao. Kama imani ingetegemea jiwe na mtego peke yake, isingepungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa Seme leo hamwoni baba yake akifunga na kukesha pale. Anamwona akilipa kwingine, labda kwenye kanisa la mabati lililo hatua mia mbili kutoka kwenye jiwe. Hapo nadharia ya pili inapata bao ambalo sijaona jinsi ya kulikataa.

Haki ni kwamba hata nadharia ya pili haielezi kwa nini ni jabali lile na siyo jiwe lolote la shambani. Huko Nyakach ni chatu, Omieri, anayehusishwa na mvua na mavuno mema. Alipoonekana tena 2003 kijiji kiligawanyika kati ya waliomfurahia na waliotaka aondolewe. Kwa nini chatu na siyo kenge? Umbo, ukubwa, kimya chake: hayo ni ya kambi ya kwanza.

Kwa hiyo Mungu hayupo?

Hili ndilo vijana wanataka kujua, na ndilo nadharia zote mbili hazijibu, ingawa wauzaji wake wengi hujifanya zinajibu. Boyer si mtu wa dini, na anaandika kama mtu aliyelifumbua fumbo. Barrett ni Mkristo, na anatumia takriban ushahidi ule ule. Kwake yeye, kama Mungu alitaka kujulikana, si ajabu akatuumba na akili inayoelekea kumtambua. Wawili hao wako kwenye meza moja ya data na wanaondoka na hitimisho zinazogombana, ambalo ni dokezo kwamba hitimisho halikutoka mezani.

Kueleza jinsi akili inavyopata wazo si kulifuta. Ubongo una sehemu inayoshughulika na kutambua nyuso, na mama yako hajawa wa kubuni kwa sababu hiyo.

Mpwa wangu alikuwa na jibu, na ni jibu zuri, kwa hiyo nalitoa kama alivyolitoa. "Mjomba, sehemu hiyo ya nyuso huniletea mama, sawa. Lakini huniletea pia uso mawinguni na uso kwenye chapati. Kwa nyuso naweza kwenda kugusa nijue upi ni wa kweli. Kwa yule asiyeonekana utagusa nini?" Huo ndio ukali wa hoja, na mhubiri anayewaambia vijana kwamba sayansi hii haina la kusema hajaisoma. Goti la dani linakata upande mmoja (ubongo unaotilia shaka ni ubongo ule ule unaotiliwa shaka), na chapati ya mpwa wangu inakata upande wa pili. Mimi nimeamini na naendelea kuamini, ila siwezi kusema jaribio la pembetatu ndilo lililonisaidia.

Zinapovuja

Nadharia ya kwanza ina tatizo ambalo halitangazwi sana: kwamba tunaona watendaji haraka, limethibitika; lakini kwamba wanaowaona haraka zaidi ndio wanaoamini zaidi, ushahidi wake ni hafifu. Mimi niliona mtu kwenye mafunjo na nilikuwa tayari mwumini. Yesu alitoka mdomoni kwa sababu alikuwa ameshaingia, utotoni, kwa dani.

Na uwanja mzima unahitaji tahadhari. Mwaka 2012 uchunguzi uliovuma ulidai kwamba kutazama tu picha ya sanamu ya mtu anayefikiri kunapunguza imani. Mwaka 2017 watafiti wengine waliurudia kwa watu wengi zaidi, wasipate kitu, na mmoja wa waandishi wa awali akakubali kwamba ulikuwa dhaifu. Namheshimu kwa hilo.

Kisha kuna lugha. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda aliyefanya kazi hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, alisimulia jinsi mapadre wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Neno halikuwepo, swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga, na wazee, baada ya kusumbuliwa sana, wakamtaja Rubanga, pepo anayesadikiwa kuwapinda watu mgongo. Rubanga akawa jina la Mungu wa Wakristo. Kila nisomapo dodoso la mtafiti lililotafsiriwa kwa lugha kumi, huwa nawakumbuka wazee wale.

Na ziko fikra zenyewe. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mzaliwa wa Siaya, alizunguka akiwahoji wazee wenye hekima, na mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, alijenga hoja kwamba Mungu ni mmoja kwa kuwa maumbile yanafuata utaratibu mmoja. Miungu wengi wangegombana na dunia ingevurugika. Mzee huyo hakushtuliwa na kitu kwenye mafunjo, wala hakuwa anaiga. Alikuwa anafikiri. Nadharia zote mbili zina nafasi finyu sana kwa mtu wa aina yake.

Basi chukua hii

Kama unafundisha vijana na unataka wachangamke, anza na ya kwanza. Ina majaribio yanayoonekana, inachekesha, na kila mtu ana hadithi yake ya gizani. Kama wewe ni mtafutaji wa hukumu kuhusu Mungu, acha zote mbili, nenda kwa wanafalsafa, na Mbuya Akoko ni mwanzo mwema.

Lakini kama ni mzazi, mchungaji, au mtu yeyote anayeishi hapa kwetu akijiuliza kwa nini huyu amehama kanisa na yule amebaki, chukua ya pili bila kusita. Katika sensa ya 2019 waliosema hawana dini nchini Kenya walikuwa asilimia 1.6. Kwa nini watu wanaamini yupo asiyeonekana si swali la Kondele wala la Manyatta, mitaa yetu hapa Kisumu. Swali la Kondele ni kwa nini mtaa mmoja una makanisa saba, na la nane linafunguliwa Jumapili ijayo. Nimewaona vijana wanaoacha, na sijamwona hata mmoja aliyeacha kwa sababu mtego wake ulilegea. Waliacha baada ya kumwona mtu mzima akihubiri asichokilipia.

Jumamosi hii tunaanza na pembetatu, mpwa wangu ataleta laptopu. Musanda itafuata wiki inayofuata. Dani amesikia, amesema naye atakuja, ila baada ya misa, na tusianze bila yeye.